Habari ya Kwanza Aliyopewa Zaina

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha viziwi, Mwalimu Mkuu alinipitisha mbele ya madarasa yote, akanionyesha ofisi ya walimu, bomba la maji na vyoo, halafu akanipeleka nyuma kabisa, kwenye chumba kilichopakana na karakana za vyuma za Kizota. Upande wa pili wa ukuta mafundi walikuwa wakikata mabati na kusaga nondo, na ule mlio ulikuwa unaingia hadi kwenye meno. Nilimuuliza kwa nini darasa limewekwa hapo. Alinitazama kama mtu asiyetarajia swali.

"Kelele hizi zinawahusu nini wao?" alisema. "Wenye masikio nimewaweka mbele."

Mimi nilikuwa na masikio, na nilikaa katika chumba kile sehemu kubwa ya maisha yangu. Naanza na hilo kwa sababu ninyi mnaotoka vyuoni sasa mna madarasa yenye vigae na mna neno zuri la elimu jumuishi, na mnadhani sisi tuliowatangulia tulikuwa na bahati ya kufanya kazi ya wito. Nilichokuwa nacho mimi ni ukuta wa karakana.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza huko Chemba, katika shule ya kawaida. Nilipendekezwa kwenda kusomea elimu maalumu, si kwa sababu mtu aliona kipaji, bali kwa sababu Mratibu Elimu Kata alitakiwa kupeleka jina la mtu na mimi sikuwa na mtoto mchanga. Niliporudi na cheti, nikapangiwa Dodoma mjini.

Mkuu wa Kitengo niliyemkuta alikuwa mwanamume mtaratibu, msafi, aliyeamini mbinu ya kuongea. Maana yake ni kwamba mtoto kiziwi anafundishwa kusoma midomo ya mwalimu na kutoa sauti kwa koo lake, hata kama yeye mwenyewe haisikii. Wachache waliokuwa na usikivu hafifu walivaa shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachowekwa sikioni, na betri zake zilikuwa zikiisha kabla muhula haujafika katikati. Wengine walitazama tu midomo yetu. Mikono ilikuwa marufuku. Mtoto akinyanyua mkono kumwambia mwenzake jambo, alikalishwa akiwa amekunja mikono mgongoni. Mkuu wa Kitengo alikuwa akiniambia kwamba ishara ni uvivu, na kwamba tukiwaruhusu hawatasema kamwe. Mchana tuliwazuia. Jioni, bwenini, walikuwa wakizungumza kwa mikono yote miwili hadi chakula kinapoa.

Yeye alipohamishwa, alikuja Mkuu wa Kitengo mwingine, mama mmoja aliyekuwa na mdogo wake kiziwi. Wiki ya kwanza alituita walimu akatuambia tuanze upya kama wanafunzi. Nilijifunza lugha ya alama nikiwa mtu mzima, nikifundishwa na watoto niliotakiwa kuwafundisha, na walinicheka vizuri. Lugha ya alama si kuonyeshana vidole. Ina sarufi yake: uso ndio unaobeba swali, nyusi zikipanda ni swali la ndiyo au hapana, zikishuka ni swali la nani na kwa nini. Mwalimu mwenye uso mkavu ni sawa na mwalimu anayenong'ona.

Mama yule ndiye aliyenifumbua macho kuhusu wazazi. Watoto wetu walikuwa wa bweni. Walitoka Mtera, Chemba, Mpwapwa, wakiletwa wakiwa na miaka saba au nane bila lugha yoyote, isipokuwa alama za nyumbani, zile ishara chache ambazo kila familia hujibunia: kula, njoo, lala, acha. Sisi tuliwapa lugha. Halafu likizo zikifika tuliwarudisha kwa watu ambao hawakuwa nayo. Mtoto aliyekuwa akibishana nami asubuhi kuhusu mwezi na jua, jioni alikuwa mtu wa kuonyeshwa sufuria na kidole.

Tulikwenda kwa Afisa Elimu tukiomba wazazi waitwe wafundishwe, hata kwa wiki moja kila mwaka. Alitusikiliza vizuri. Alisema kazi yetu ni wanafunzi, wazazi wana shughuli zao za kilimo. Mama yule aliomba tena mwaka uliofuata, na mwingine, mpaka alipostaafu. Mimi nilipochukua nafasi yake niliendelea kuomba. Maafisa walibadilika, jibu halikubadilika.

Zaina aliletwa na baba yake kutoka kijiji kimoja cha Chemba, upande wa Warangi. Baba yake, Mzee Bakari, alikuwa dalali wa mbuzi mnadani, mtu wa maneno mengi na sauti kubwa, na nilimwonea huruma kwa hilo. Mama yake hakuja. Mtoto alikuwa mkaidi, mwenye macho makali, na alishika alama haraka kuliko wote niliowahi kufundisha. Alipopata maneno ya kutosha, mtu wa kwanza aliyenisimulia habari zake alikuwa bibi yake, mama mzaa baba. Alama aliyomwita nayo ilikuwa kugusa pua kwa vidole viwili, kwa sababu bibi alivuta ugoro. Walikuwa wakilinda ndege pamoja katika shamba la uwele, wamekaa juu ya jukwaa la miti, na bibi alikuwa amejibunia naye ishara zao: ndege wengi, mvua inakuja, yule jirani mchoyo. Katika nyumba ile yenye watu wengi, mwenye mazungumzo naye alikuwa mmoja.

Mzee Bakari alikuja kumchukua kila likizo, na kila likizo mazungumzo yao yalipita kwangu. Alisimama mbele ya mwanawe akinitazama mimi. Mwalimu, mwambie mdogo wake ameanza kutembea. Mwalimu, mwulize kama anakula vizuri. Nilitafsiri. Nilikuwa mkalimani kati ya mtoto na aliyemzaa, na hakuna aliyeona ni jambo la ajabu.

Halafu ukaja ule mwezi wa tatu. Tangazo la kufunga shule lilitolewa mchana, na Mwalimu Mkuu, si yule wa zamani, huyu alikuwa kijana aliyesoma chuo kikuu, alitukusanya akasema watoto waondoke haraka iwezekanavyo. Wanafunzi wa kutwa, wenye masikio, walikuwa wameshapata habari kabla hawajafika majumbani, maana walisikia redio za madukani. Wangu walikuwa wakicheza mpira. Niliwakalisha chini nikagundua kwamba sina neno. Hapakuwa na alama ya korona. Nilichora kwenye ubao duara lenye miiba, nikaeleza homa, kikohozi, kifo, na Zaina akakunja ngumi moja na kuitandazia juu yake vidole vya mkono wa pili. Wenzake wakaikubali. Ndivyo ugonjwa ule ulivyopata jina katika darasa letu.

Waliniuliza watarudi lini. Niliwaambia sijui, na neno sijui ni alama rahisi sana kuifanya.

Wazazi walipokuja, wengi walikuwa wamevaa barakoa za vitambaa, zile zilizoshonwa na mafundi wa mitaani. Niliwaona watoto wakitafuta midomo ya wazazi wao na kukuta kitambaa. Wale wachache ambao walikuwa na njia ndogo ya kuelewana nyumbani, njia ya kusoma midomo, walikuwa wameipoteza pale pale getini. Mzee Bakari alinipa salamu kwa mbali, akasema nimwambie Zaina kuna ugonjwa. Nikamjibu kwamba anajua, na kwamba anaulizia bibi yake. Mzee Bakari akacheka, akasema bibi mzima kabisa, anamsubiri, maana uwele umekomaa.

Kwa wenye masikio, yalianza masomo ya redioni. Sina ubaya na waliobuni mpango ule. Ulikuwa mpango wa watu wenye haraka. Lakini nilikwenda ofisini kwa afisa aliyesimamia elimu maalumu kumuuliza wangu watafanya nini. Ofisi ilikuwa na ndoo ya maji mlangoni na viti vimewekwa mbali mbali.

"Mwalimu Perusi, vipindi vya redio ni vya watoto wote," alisema.

"Hawa ni viziwi, mheshimiwa."

Niliona anafikiri kwa dhati, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuwa akinidhihaki.

"Basi wazazi wawasikilizie," alisema.

Nilimuuliza, mzazi akishasikiliza, atamwambia mtoto kwa njia gani. Alirudi kwenye makaratasi yake. Nilitoka nikaenda nyumbani Kizota, nikakaa uani, mafundi wakiendelea kusaga vyuma kama kawaida, maana karakana hazikufungwa.

Miezi ile wazazi walianza kunipigia simu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kwa miaka yote walikuwa wakiishi na watoto wale kama wageni wa likizo: unamlisha, unamvumilia, unamrudisha. Sasa mgeni hakuwa na tarehe ya kuondoka. Baba mmoja wa Mtera aliniuliza kwa nini mwanawe anapiga wadogo zake. Nilimwambia anataka kuzungumza. Akaniuliza kuzungumza nini, na alikuwa anauliza kweli. Mama mmoja wa hapa hapa mjini, muuza mbogamboga, alikuwa akimfungia binti yake ndani akienda sokoni, kwa sababu hakuweza kumweleza kwa nini asitoke, na majirani wakaanza kusema amemficha mgonjwa. Sikuwa na la kuwaambia zaidi ya kuwafundisha alama moja moja kwa maneno ya simu, jambo ambalo ni kama kumfundisha mtu kupika kwa kumtajia harufu.

Kisha akapiga mama yake Zaina. Sikuwahi kuisikia sauti yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta, na alianza kwa shikamoo. Alisema bibi amefariki. Alikuwa ameshikwa na tatizo la kupumua, kama watu walivyokuwa wakisema wakati ule, na walimtenga chumbani, watoto wakakatazwa kukaribia. Alizikwa upesi, watoto wote wakiwa wamepelekwa kwa jirani. Wengine waliambiwa. Zaina hakuambiwa, kwa sababu hapakuwa na wa kumwambia.

Alirudi kutoka kwa jirani akakuta chumba kiko wazi na kitanda kimetolewa nje. Akagusa pua, akafungua viganja: bibi yuko wapi? Mama alimwonyesha kidole juu, mbinguni. Zaina akatazama juu, akaona paa la nyasi. Kesho yake alikwenda shambani kumtafuta. Siku nyingine alikwenda mpaka barabara kuu, kwa kuwa aliwahi kuona bibi akipandishwa gari kwenda hospitali, na dereva wa lori akamkwepa akiwa katikati ya njia, hasikii honi. Waliomleta walimleta akipigana. Mzee Bakari akamfunga mguu kwa kamba ya mbuzi kwenye nguzo ya nyumba.

"Mwalimu, njoo umwambie bibi yake amekufa," mama alisema. "Sisi tumeshindwa."

Nilimwarifu Mwalimu Mkuu kwamba nakwenda. Alisema shule imefungwa, nikienda naenda kwa jina langu, si kwa niaba ya shule, na nikipata ugonjwa huko asihusishwe. Nikapanda basi la Kondoa, linalopitia Chemba, asubuhi, dirisha wazi, kila mtu akimchunguza anayekohoa.

Nilipofika Zaina alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba, kamba ingalipo. Aliponiona hakunikimbilia, hakutabasamu. Alianza kuzungumza nikiwa bado natembea, mikono ikienda mbio, maneno ya wiki nyingi yakimtoka kwa pamoja, na sikuyashika yote. Nilichokishika ni kwamba alidhani bibi amemkimbia. Alidhani amekosa jambo, na kwamba wote wanalijua isipokuwa yeye.

Nilifungua kamba. Hakuna aliyenizuia. Mzee Bakari alikuwa amesimama kando, ile sauti yake kubwa haipo. Alinieleza, bila mimi kumuuliza, kuhusu lori. Nilimwelewa. Mtu aliyekaribia kumpoteza mtoto barabarani na hana neno moja la kumwonya atashika kamba.

Nilikaa mbele ya Zaina, nikamwambia asubiri. Nilikuwa nikijiandaa. Katika kazi hii tunafundishwa kwamba habari nzito isemwe wazi, bila kuzunguka, kwa sababu kiziwi akionyeshwa mbingu ataitazama mbingu. Mama yake akaja akachuchumaa karibu yangu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imejaa nyufa za palizi.

"Hilo neno linafanywaje?" aliniuliza.

Nilimuuliza neno lipi.

"La kufa. Nifundishe. Nitamwambia mwenyewe, huyu ni mwanangu."

Nikamfundisha, nikiwa nimempa Zaina mgongo asione. Kiganja kinatazama juu, kinageuka polepole, kinatazama chini. Alirudia mara kadhaa, akikosea upande. La bibi alikuwa analijua, kwa kuwa aliwaona wawili wale wakilitumia. Kisha akageuka, akasogea mbele ya mwanawe mpaka magoti yakagusana, akagusa pua kwa vidole viwili, akageuza kiganja.

Zaina alimtazama mama yake mikononi, kisha usoni. Akarudia alama ile yeye mwenyewe, nyusi juu: amekufa? Mama akaifanya tena. Mtoto akatoa sauti ambayo Mkuu wa Kitengo wangu wa kwanza angeifurahia, kwa kuwa alikuwa akiwataka watoe sauti, na mama akamshika.

Nimelifikiria jambo hili miaka yote iliyofuata. Mama yule alikuwa amemwambia mwanawe kula, njoo, lala, acha. Alikuwa amempa amri tangu anazaliwa. Habari hajawahi kumpa hata moja, si kwamba mvua imenyesha kwa shangazi, si kwamba mbuzi amezaa. Habari ya kwanza aliyowahi kumpa ilikuwa hiyo.

Baada ya kulia Zaina alijitoa mikononi mwake akauliza swali. Mama akanigeukia.

"Amesema nini, Mwalimu?"

Ningeweza kulainisha. Mkalimani halainishi, hiyo ni kanuni ya kazi, na siku ile niliichukia. Nikasema, "Anauliza kwa nini mlimfunga wakati nyote mlikuwa mnajua."

Mzee Bakari aliondoka akaenda zizini. Mama akasema nimwambie walishindwa kumweleza. Nikamwambia, na Zaina akanijibu kwa alama moja fupi ambayo sikuhitaji kumtafsiria mama, kwa sababu uso wake uliisema: hamkujaribu.

Nilikaa pale kwa siku kadhaa. Jioni, kazi zikiisha, nilimfundisha mama na wadogo zake Zaina. Tulianza na maneno ya habari, si ya amri: jana, kesho, nimefurahi, naogopa, samahani. Zaina alikuwa akimsahihisha mama yake kwa ukali, akimshika vidole na kuvipanga. Mzee Bakari nilimwita kila jioni. Alisema mikono yake ni ya kazi, na kwamba mtu mzima kupunga mikono mbele ya watu ni aibu, halafu alikuwa akikaa mahali ambapo anatuona.

Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa mwezi wa sita, tuliambiwa tufidie vipindi vilivyopotea. Hakuna aliyetuuliza kuhusu kitu kingine. Yule mtoto wa Mtera hakurudi. Nilipiga simu, baba yake akasema amemwona anafaa kazi ya kukausha samaki na ametulia, ameacha kupiga wenzake. Niliripoti. Nikaambiwa utoro wa aina hiyo hauna ufuatiliaji maalumu. Yule wa mama muuza mboga alirudi, lakini alikuwa amesahau kukaa na watu, na mpaka namaliza kazi alikuwa akikaa karibu na mlango.

Niliomba tena mafunzo ya wazazi. Nilidhani safari hii nina hoja, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa imeona maana ya mtoto kukaa nyumbani. Jibu lilikuwa kwamba janga limepita na hakuna kasma ya bajeti kwa kazi hiyo.

Mwaka uliofuata nikastaafu. Walinifanyia sherehe ndogo, nikapewa saa ya ukutani na vitenge. Yule afisa wa viti vilivyowekwa mbali mbali alitoa hotuba, akakisifu kitengo chetu kwa namna kilivyowahudumia watoto wakati wa korona. Watoto walikuwa wamekaa mbele, na mwalimu kijana alikuwa anawatafsiria. Niliwaona wakitazamana. Mmoja akaniuliza kwa mbali, amesema kweli? Nikamjibu, na sikupunguza.

Ninyi mnaoingia sasa mtaniuliza nimejifunza nini, maana wastaafu huulizwa hivyo. Mtafundishwa namna ya kumfundisha mtoto kiziwi, na mtaifanya vizuri kuliko sisi. Nawaomba msimwache mzazi nje ya geti. Msisubiri afisa akubali. Mimi nilisubiri ruhusa ya watu ambao hawakuihitaji lugha ile hata siku moja, na wakati naisubiri watoto walikuwa wanakua. Hayo ndiyo niliyoyapata, na si mengi kwa umri wote ule.

Zaina alimaliza darasa la saba. Sekondari yenye mkalimani ilikuwa mbali mno na nafasi zilikuwa za wachache, kwa hiyo yuko nyumbani, anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, msichana mkubwa sasa. Mama yake hunipigia mara kwa mara. Hivi majuzi alipiga kulalamika kwamba walikuwa wamegombana jikoni, na binti amemjibu vibaya. Nilifurahi kwanza, nikamwambia wasichana wote wa umri huo wanawajibu mama zao, na kwamba kugombana ni mazungumzo. Akasema anajua hilo. Nikamuuliza basi amemwambia nini.

Akasema Zaina alimuuliza kwa nini alisubiri mpaka bibi afe ndipo ajifunze kuzungumza naye.

Nikamuuliza alimjibu nini. Alisema aliendelea kusonga ugali.